268,002: Namba ya Isiolo na Mipaka ya Hesabu

Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, makarani wa sensa walianza kuhesabu watu wa Kenya nyumba kwa nyumba, manyatta kwa manyatta. Tarehe 4 Novemba mwaka huo huo, Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS) likatangaza matokeo. Kaunti ya Isiolo ilipewa namba moja: watu 268,002. Kati yao wanaume walikuwa 139,510, wanawake 128,483, na huntha 9, kundi ambalo sensa ya Kenya ililihesabu kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Tangu siku hiyo namba hiyo imetajwa katika mipango ya kaunti, katika mijadala ya bajeti, katika mabishano ya mipaka na katika madarasa. Wachache wameikalisha chini na kuihoji. Ina sifa gani? Kipi katika namba hii hakiwezi kubishaniwa na mtu yeyote, na kipi bado kina shaka?

Kuna mambo mawili ndani yake ambayo huchanganywa kila siku. Kwanza, 268,002 ni namba nzima kama namba nyingine yoyote, yenye sifa zisizobadilika Isiolo, Muscat wala Beijing. Pili, ni matokeo ya kazi ya binadamu waliotembea juani wakiuliza maswali, na kazi ya binadamu huwa na kasoro. Sifa za aina ya kwanza ni za hakika lakini hazisemi lolote kuhusu watu wa Isiolo. Za aina ya pili zinasema mengi kuhusu watu hao, lakini hazina uhakika wa aina ile. Anayechanganya mambo haya mawili hudanganyika, au hudanganya wengine.

Namba yenyewe

Tuanze na yaliyo ya hakika. Namba hii inaishia na 2, kwa hiyo ni shufwa. Tarakimu zake, 2, 6, 8, 0, 0 na 2, zikijumlishwa huwa 18, na 18 hugawanyika kwa 9, kwa hiyo namba nzima nayo hugawanyika kwa 9. Tukiendelea kuigawanya hadi mwisho tunapata vigawo vyake tasa: 2, kisha 3 mara tatu, kisha 7, na mwisho 709. Yaani 2 × 3 × 3 × 3 × 7 × 709 ni 268,002. Namba 709 yenyewe ni tasa, haigawanyiki kwa chochote ila 1 na 709.

Kutokana na vigawo hivyo tasa tunajua, bila kuhesabu kimoja kimoja, kwamba namba hii ina vigawo 32 kwa jumla. Vidogo ni 1, 2, 3, 6, 7, 9, 14, 18, 21, 27 na kuendelea hadi 378. Vilivyobaki ni hivyo hivyo kila kimoja kikizidishwa kwa 709. Tukivijumlisha vyote isipokuwa namba yenyewe, tunapata 413,598, ambayo ni kubwa kuliko 268,002. Namba za aina hii, ambazo vigawo vyake vikijumlishwa huzidi namba yenyewe, zilitengwa katika kundi lake tangu zamani za Wayunani. Nikomako wa Gerasa, aliyeandika karibu mwaka 100 baada ya Kristo, alizigawa namba shufwa katika makundi matatu: zilizozidi, zilizopungukiwa, na chache mno zilizokamilika, kama 6 na 28. Alikwenda mbali zaidi, akaziona zilizozidi kuwa na kasoro ya tabia na zilizokamilika kuwa na wema.

Namba hiyo hiyo ikiandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, kama vyombo vya elektroniki vinavyoiandika, huwa 1000001011011100010, tarakimu 19. Hili lina uhusiano na Isiolo, kwa kuwa sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza nchini Kenya kufanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi. Kila jibu lililotolewa kule Merti au Oldonyiro liligeuzwa kuwa mfululizo wa 0 na 1 papo hapo. Lakini namba haikubadilika kwa kubadilishiwa mwandiko. Ilibaki shufwa, ikabaki na 709 ndani yake. Sifa za kweli za namba hazitegemei jinsi tunavyoiandika.

Mtu mmoja zaidi

Sasa tuongeze mtu mmoja. Tuseme mtoto amezaliwa Merti saa chache kabla ya usiku wa sensa, na karani hakuambiwa. Angetajwa, jumla ingekuwa 268,003.

Kipeuo cha pili cha 268,003 ni zaidi kidogo ya 517, kwa hiyo ili kupima kama ni tasa inatosha kuigawanya kwa kila namba tasa iliyo chini ya 517. Ziko 97. Mwalimu mwenye subira na darasa la kidato cha pili wanaweza kugawana kazi hiyo na kuimaliza kwa kipindi kimoja. Watakuta kwamba hakuna hata moja inayoigawanya bila kubakiza. 268,003 ni namba tasa. Vigawo 32 vyote vimetoweka, vimebaki viwili: 1 na namba yenyewe. Tukirudi nyuma badala ya kwenda mbele, tukampunguza mtu mmoja, tunapata 268,001. Hiyo ni witiri, na si tasa: ni 283 × 947, yenye vigawo vinne tu.

Tazama jinsi sifa hizi zilivyo dhaifu mbele ya idadi ya watu. Mtoto mmoja anahamisha namba kutoka kundi la zilizozidi hadi kundi la namba tasa, na hakuna shule, kisima wala zahanati katika Isiolo nzima inayohisi tofauti. Sifa inayogeuka kabisa kwa mtu mmoja haifai kuongoza mpango wowote. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kuna siri katika tarakimu za sensa, kwamba namba ya kaunti yako inagawanyika kwa 7 au kwa 9 na hiyo ni ishara, mwambie akuongezee mtu mmoja kisha akusomee ishara hiyo tena.

Onyo hili ni la lazima, kwa sababu sadfa zinazovutia ni rahisi sana kupatikana. Kalenda ya jadi ya Waborana, mojawapo ya jamii za Isiolo, ina siku 27 zenye majina, ambazo huzunguka ndani ya miezi 12 ya mwandamo. Kwa kuwa mwezi una siku 29 au 30, kila mwezi mpya huanza kwa jina jingine la siku. Ni kalenda yenye ustadi mkubwa, na wazee wanaoijua wanastahili heshima ya wanasayansi. Namba 27 ni 3 × 3 × 3, na namba hiyo ndiyo tuliyoikuta ndani ya 268,002, ambayo ni 27 × 9,926. Mpenda miujiza angesimama hapo na kutangaza kwamba watu wa Isiolo wamehesabika kwa kalenda ya Borana. Lakini katika kila namba 27 zinazofuatana, moja lazima igawanyike kwa 27. Ukichukua kaunti zote 47 za Kenya, ungetarajia moja au mbili ziwe na sifa hiyo bila sababu yoyote. Kalenda hiyo haihitaji sensa iitukuze, wala sensa haithibitishwi na kalenda.

Ukaguzi wa tisa

Je, hisabati ya namba nzima haina faida yoyote kwa msomaji wa sensa? Inayo, tena kubwa. Ni chombo cha kukagua maandishi.

KNBS iligawa watu wa kaunti kwa kaunti ndogo tatu: Isiolo 121,066, Garbatulla 99,730 na Merti 47,206. Wahesabu wa Kihindi na wa Kiarabu wa zama za kati walijua namna ya kupima jumla kama hii bila kuirudia. Jumlisha tarakimu za kila namba hadi ibaki tarakimu moja. 121,066 inatoa 16, yaani 7. 99,730 inatoa 28, yaani 10, yaani 1. 47,206 inatoa 19, yaani 10, yaani 1. Ukijumlisha 7, 1 na 1 unapata 9. Jumla iliyotangazwa, 268,002, inatoa 18, yaani 9. Zimekubaliana. Fanya hivyo kwa wanaume, wanawake na huntha: 139,510 inatoa 1, 128,483 inatoa 8, na 9 inabaki 9. Jumla ni 18, yaani 9. Nazo zimekubaliana.

Ukaguzi huu una tundu moja, nalo ni muhimu kulijua. Karani akibadilisha nafasi za tarakimu mbili, akaandika 211,066 badala ya 121,066, kosa ni la watu 90,000, lakini jumla ya tarakimu ni ile ile na ukaguzi wa tisa haulioni. Dawa yake ni ukaguzi wa kumi na moja: ukianzia kulia, toa na ujumlishe kwa zamu. Kwa 121,066 unapata 6 − 6 + 0 − 1 + 2 − 1, yaani 0. Kwa 99,730 unapata 0 − 3 + 7 − 9 + 9, yaani 4. Kwa 47,206 unapata 6 − 0 + 2 − 7 + 4, yaani 5. Jumla ni 9. Kwa 268,002 unapata 2 − 0 + 0 − 8 + 6 − 2, yaani −2, na ukiongeza 11 unapata 9. Zimekubaliana tena. Lakini 211,066 ingetoa 9 badala ya 0, na kosa lingejitokeza papo hapo.

Kosa linaloweza kupita katika kaguzi zote mbili ni lile tu ambalo tofauti yake ni kigawe cha 99. Mhariri wa gazeti, karani wa bunge la kaunti au mwanafunzi anayenakili takwimu anaweza kujikinga hivyo kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Ila tusiseme zaidi ya kilichothibitishwa. Kaguzi hizi zinaonyesha kwamba namba zilizoandikwa zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Hazionyeshi kwamba kila mtu wa wadi ya Sericho alihesabiwa, wala kwamba hakuna aliyehesabiwa mara mbili. Mtu anayetunga takwimu kwa uangalifu atahakikisha jumla zake zinakubaliana. Hesabu iliyofungamana vizuri inaweza kuwa ya kweli na inaweza kuwa ya uongo.

Kasi isiyo ya kawaida

Ili kuipima namba dhidi ya ukweli inabidi kuilinganisha na namba nyingine, na hapo ndipo 268,002 inapoanza kuzungumza.

Katika sensa ya 2009 Isiolo ilikuwa na watu 143,294. Kwa miaka kumi waliongezeka watu 124,708, yaani asilimia 87. Kenya nzima katika muda huo ilitoka 38,610,097 ikafika 47,564,296, ongezeko la asilimia 23. Kwa mwaka mmoja mmoja, Kenya ilikua kwa zaidi kidogo ya asilimia 2, na Isiolo kwa karibu asilimia 6.5. Kwa kasi hiyo watu wa Isiolo wangeongezeka maradufu kila baada ya miaka 11. Ikiendelea kwa miaka mia, kaunti hii moja ingekuwa na watu kama milioni 140, karibu mara tatu ya Kenya yote ya 2019. Hakuna anayeamini hivyo, kwa hiyo kasi hiyo haiwezi kuwa hali ya kudumu. Kuna jambo lililotokea ndani ya muongo ule, au katika moja ya sensa zile mbili.

Hebu tukadirie. Miaka ya 1970 kasi ya ongezeko la watu Kenya ilikaribia asilimia 4 kwa mwaka, kati ya kasi kubwa kabisa duniani wakati huo. Tuipe Isiolo kasi hiyo ya asilimia 4 kwa miaka kumi mfululizo, ingawa ni ukarimu uliopita kiasi. Watu 143,294 wangefika 212,110. Bado kungekuwa na pengo la watu 55,892 ambalo uzazi peke yake haulielezi. Pengo hilo lazima lijazwe na mambo mengine: watu waliohamia, mji wa Isiolo uliokua baada ya barabara ya lami kwenda Moyale kujengwa, wafugaji waliokuwa upande huu wa mpaka usiku wa sensa, watu walioachwa mwaka 2009, au watu waliozidishwa mwaka 2019. Hisabati inapima ukubwa wa pengo. Kugawa pengo hilo kati ya sababu hizo ni kazi ya kwenda nyanjani.

Ndani ya kaunti tofauti ni kubwa zaidi. Garbatulla ilitoka 43,118 mwaka 2009 ikafika 99,730, ongezeko la asilimia 131. Sehemu iliyobaki, Isiolo pamoja na Merti, ilitoka 100,176 ikafika 168,272, ongezeko la asilimia 68. Eneo la mashambani na malisho lilikua kwa kasi karibu mara mbili ya eneo lenye makao makuu ya kaunti. Jambo hilo linaweza kuwa na maelezo mazuri, lakini linahitaji maelezo.

Isiolo haiko peke yake. Mwaka 2010 serikali ilizuia matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za Turkana, Mandera, Wajir na Garissa, ikisema ongezeko lake halilingani na vizazi na vifo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ilibatilisha matokeo ya sensa ya 2019 ya kaunti za Mandera, Wajir na Garissa na kuamuru watu wahesabiwe upya. Kaskazini namba za watu zimekuwa jambo la mahakamani, na upande wowote unaoshinda, mwananchi wa kawaida hubaki bila namba anayoweza kuitegemea.

Zipo dalili nyingine za kuhojiwa. Isiolo ilihesabu wanaume 109 kwa kila wanawake 100, wakati Kenya nzima ilikuwa na wanaume 98 kwa kila wanawake 100. Kambi za jeshi zilizo mjini Isiolo na vijana wanaokuja kutafuta kazi zinaweza kuchangia, na vilevile inawezekana wanawake kadhaa hawakutajwa mlangoni. Kwa upande mwingine, tusihangaike na kila tofauti ndogo. Huntha 9 ni karibu sawasawa na idadi ambayo ungeitarajia kwa kiwango cha taifa cha watu 1,524 kati ya milioni 47.6, lakini kwa hesabu ndogo kama hiyo bahati peke yake inaweza kuipandisha au kuishusha kwa watatu hivi. Namba ndogo hutikiswa na bahati, na haifai kujengewa hoja nzito.

Mstari wa Katiba

Mahali ambapo 268,002 inauma zaidi ni katika uwakilishi. Ibara ya 89 ya Katiba ya Kenya inaweka maeneobunge 290. Idadi ya watu wa nchi ikigawanywa kwa 290, wastani kwa takwimu za 2019 ni watu 164,015 kwa kila eneobunge. Katiba inaruhusu eneobunge lipungue au lizidi wastani huo kwa asilimia 30, na kwa majiji na maeneo yenye watu wachache, kwa asilimia 40. Isiolo, yenye watu kama 11 kwa kila kilomita ya mraba, inaingia katika kundi hilo la pili. Kwa hiyo eneobunge lake halipaswi kuwa na watu chini ya 98,409.

Isiolo ina maeneobunge mawili, Kaskazini na Kusini. Tumeona kwamba 268,002 hugawanyika kwa 3 bila kubakiza: kila fungu lingekuwa na watu 89,334. Kwa mtu anayetaka eneobunge la tatu, mgawanyo huo unavutia, kwa kuwa ni safi kabisa. Lakini 89,334 iko chini ya 98,409. Ugawanyikaji wa namba hausaidii chochote hapo, kwa kuwa Katiba haiulizi kama kuna salio. Inauliza kama fungu linafika kiwango.

Sasa tazama Isiolo Kusini, yaani Garbatulla na wadi zake tatu za Garba Tula, Kinna na Sericho. Mwaka 2009, kwa watu 43,118, lilikuwa chini sana ya kiwango cha wakati ule, ambacho kwa wastani wa 133,138 kilikuwa watu 79,883. Lilisalimika kwa sababu Jedwali la Sita la Katiba lilikataza maeneobunge yaliyokuwapo kufutwa katika mapitio ya kwanza ya mipaka, yaliyokamilika mwaka 2012. Kinga hiyo haitumiki tena katika mapitio yanayofuata, ambayo Katiba inataka yafanywe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Kwa takwimu za 2019, Isiolo Kusini ina watu 99,730. Imevuka mstari kwa watu 1,321.

Watu 1,321 ni watu 13 na ushee kwa kila 1,000 wa Garbatulla. Kosa la watu 14 kwa kila 1,000 waliozidishwa linatosha kuiteremsha chini ya kiwango. Kosa kama hilo kwa upande wa kuacha watu lingeipandisha juu zaidi. Hapa ndipo usahihi wa sensa unapogeuka kuwa kiti bungeni, hazina ya maendeleo ya eneobunge, na sauti ya wafugaji wa Sericho katika bajeti ya taifa. Sifa ya namba yenye uzito hapa si kigawo chake tasa wala jumla ya tarakimu zake. Ni umbali wake kutoka mstari uliochorwa na sheria, ukilinganishwa na ukubwa wa makosa yanayoweza kuwa ndani yake.

Uzito katika mgao

Katika fedha mambo ni tofauti kidogo. Isiolo ni mtu 1 kati ya Wakenya 177 hivi, yaani asilimia 0.56 ya nchi, lakini eneo lake la zaidi ya kilomita za mraba 25,000 ni zaidi ya asilimia 4 ya ardhi yote. Kanuni ya kwanza ya kugawa mapato kwa kaunti iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Kanuni ya tatu, iliyopitishwa mwaka 2020 baada ya mvutano mkali katika Seneti, iliteremsha uzito huo hadi asilimia 18 na kuongeza vipimo vya afya, kilimo na barabara, huku ardhi ikibaki na asilimia 8. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 Isiolo ilipata takriban shilingi bilioni 4.7 kati ya bilioni 370, yaani asilimia 1.27, zaidi ya maradufu ya sehemu yake kwa hesabu ya vichwa.

Hapa kosa dogo katika 268,002 linasogeza fedha kidogo kidogo, bila kushtua. Katika uwakilishi linaweza kuangusha eneobunge zima. Namba ile ile, kosa lile lile, madhara mawili tofauti kabisa. Kwa hiyo swali la kama sensa ni sahihi halijibiki bila kuuliza kwanza inatumiwa kwa kazi gani.

Tunachoweza kukagua

Msomaji anaweza kudhani kwamba shaka hizi zinaifanya sensa kuwa bure. Hapana. Kuna vipimo vya kisayansi vinavyoonyesha ubora wa hesabu bila kumhesabu mtu upya. Kimoja ni kipimo cha Whipple, kinachochunguza umri wa watu kuanzia miaka 23 hadi 62. Unahesabu waliosema umri wao unaishia na 0 au 5, unazidisha kwa 5, unagawanya kwa idadi ya wote, kisha unazidisha kwa 100. Umri ukitajwa kwa usahihi jibu linakaribia 100. Kila mtu akikadiria 30, 35 au 40, jibu hupanda kuelekea 500. Katika jamii ambamo wazee hukumbuka kuzaliwa kwao kwa ukame au kwa vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, kipimo hiki kinaonyesha wapi majibu ni makadirio. Kinastahili kufundishwa kwa vijana wa kaunti ambazo takwimu zake hubishaniwa kila muongo.

Wastani nao usomwe kwa akili. Isiolo ina wadi 10, na 268,002 ikigawanywa kwa 10 inatoa watu 26,800 na sehemu ya tano ya mtu. Hakuna wadi yenye sehemu ya tano ya mtu, na hakuna anayeishi mahali penye watu 11 kwa kilomita ya mraba: kuna wanaobanana Bulla Pesa na kuna wanaotembea siku nzima upande wa Merti bila kukuta boma. Anayepanga visima kwa wastani wa kaunti atachimba visima vingi pasipo na kiu na kuwaacha wenye kiu.

Kwa haya yote hukumu yangu ni hii. Sifa za 268,002 kama namba ni za kweli milele, nazo zinafaa kwa kazi mbili: kuwafundisha watoto hisabati kwa namba wanayoijua, na kukagua kama takwimu zimenakiliwa sawasawa. Zikitumiwa kwa zaidi ya hapo zinakuwa uganga. Thamani ya 268,002 kama idadi ya watu inategemea jinsi watu walivyohesabiwa, na ongezeko la asilimia 87 ndani ya miaka kumi halijawahi kuelezwa kwa wananchi kwa kiwango kinachotosha.

Sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2029. Walimu wa Isiolo wapeleke namba za wadi zao darasani, wanafunzi wazijumlishe, wazipitishe katika ukaguzi wa tisa na wa kumi na moja, wapime kasi ya ukuaji wake na waulize maswali. Wabunge wa kaunti wadai takwimu za umri na jinsia kwa kila wadi, zikiwa zimepimwa ubora wake. Na wewe msomaji, karani atakapofika mlangoni kwako, mtaje kila aliyelala hapo usiku wa sensa, mama, mtoto mchanga, mgeni na mchungaji, kila mmoja mara moja tu, bila kumwacha na bila kumzidisha.